Bunduki ya kuwindia mbogo: chukua kaliba gani?

Kama una kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania) na mwindaji bingwa yuko pembeni yako, anza na kaliba (ukubwa wa risasi) ya .375 H&H, yaani Holland & Holland, na usiende chini ya hapo kwa mbogo, kiboko wala tembo. Hii kaliba ipo tangu 1912 na bado inapiga mzigo, risasi yake ya greni 300 (uzito wa kama gramu 19) inaingia ndani vizuri na teke lake, ule msukumo wa begani ukifyatua, mtu wa kawaida analizoea.

Ukitaka nguvu zaidi kuna .416 Rigby, greni 400, halafu .458 Lott yenye greni 500, ila hapo bega litakusimulia usiku kucha 😅 na shida sio maumivu tu, ukianza kuogopa teke unafumba macho kabla ya kufyatua, risasi inaenda tumboni, sasa mna mbogo majeruhi kichakani anawasubiri nyie. Bora .375 unayoimudu kuliko .458 unayoiogopa.

Najua kuna mtu atamtaja Bell, yule mwindaji wa zamani aliyekuwa anaangusha tembo kule Karamoja, Uganda, kwa 7x57, kaliba ndogo kuliko hizi. Sawa, lakini huyo alikuwa anajua ubongo umekaa wapi, wewe ndo safari ya kwanza.

Risasi nayo usibanie hela. Tembo na kiboko ni solidi, ile isiyotanuka. Mbogo, ya kwanza weka softi nzuri, ile inayotanuka ikipiga, zinazofuata solidi. Halafu fanya mazoezi umesimama, porini hakuna meza ya kuegemea.