Namna ya kusoma historia ya ukanda wa mawe ya kijani, kuanzia mwambani hadi kwenye tektoniki

Mikanda ya mawe ya kijani ni mabaki ya lava na mashapo ya enzi ya Akeani (takriban miaka bilioni 4 hadi 2.5 iliyopita): Isua kule Greenland, Barberton nchini Afrika Kusini, Abitibi nchini Kanada, Sukumaland kusini mwa Ziwa Victoria. Rangi yake inatoka kwa kloraiti, aktinolaiti na epidoti, madini yaliyoota baada ya lava kupashwa joto upya. Wengi hukimbilia tektoniki, yaani namna ganda la dunia linavyosogea: huuliza kama mabamba ya dunia yalikuwa yakisogea wakati huo. Mimi swali hilo naliweka mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Jiwe lilikuwa nini?
Tafuta lava yenye umbo la mito ya kulalia. Mgongo wake wa mviringo hutazama juu, na ncha ya chini hujipenyeza kati ya mito iliyotangulia, hivyo utajua tabaka limesimama au limepinduliwa. Ukikuta fuwele ndefu zilizopishana kama majani makavu, huenda ni komatiiti, lava yenye oksaidi ya magnesi zaidi ya asilimia 18. Jina limetokana na Mto Komati.

Hatua ya 2: Pima foliesheni
Chukua dira, pima foliesheni (mpangilio wa madini katika matabaka membamba sambamba, uliotokana na mwamba kubanwa) pamoja na mistari ya madini yaliyonyooshwa juu yake. Ni kazi ya kuchosha, lakini hatua ya 6 haiwezekani bila vipimo hivi.

Hatua ya 3: Nenda kwenye hadubini
Hapa usiwe na haraka. Kloraiti isiyo na mpangilio wowote huenda ilitokana na maji moto ya bahari yaliyopenya lava ikiwa bado sakafuni, kabla ya mkunjo wowote. Honiblendi, madini meusi ya joto la juu zaidi, inayoongezeka kadiri unavyousogelea mwamba wa graniti ni dalili ya joto la graniti yenyewe. Kisha kuna metamofosi (mwamba kubadilika kwa joto na mgandamizo) ya eneo zima, iliyokwenda sambamba na kukunjwa kwa miamba. Ili kujua kipi kilitangulia, tazama ganeti, fuwele ngumu ya mviringo: foliesheni ikiizunguka, na chembe zilizonaswa ndani yake zikiwa zimejipanga upande tofauti, ganeti ilikua kabla ya foliesheni hiyo. Ikiikata foliesheni bila kuipinda, ilikua baadaye.

Hatua ya 4: Kadiria joto na mgandamizo
Basalti (lava ya kawaida nyeusi) iliyobadilika kidogo tu husema machache kuhusu mgandamizo, kwa hiyo chagua amfibolaiti, yaani basalti iliyogeuka kuwa mwamba wa honiblendi, yenye ganeti. Kusini mwa Barberton, miamba ya namna hiyo imetoa gigapaskali (GPa, kipimo cha mgandamizo) 1.2 hadi 1.5 kwenye nyuzi za Selsiasi 600 hadi 650. GPa 1 ni takriban kina cha kilomita 35, basi GPa 1.2 ni kilomita 42. Gawanya 600 kwa 42: nyuzi 14 hivi kwa kilomita. Kwa Akeani, huo ni ubaridi wa ajabu.

Hatua ya 5: Tafuta umri
Zirkoni, fuwele ndogo inayotunza umri wake, ya majivu ya volkano yaliyo kati ya lava hutoa umri wa mlipuko, si wa metamofosi. Kosa la kuchanganya umri huo miwili bado linaonekana kwenye ripoti nyingi. Kwa metamofosi tumia ganeti kwa njia ya luteti na hafni (luteti huoza polepole kuwa hafni, kama saa), au titanaiti, madini mengine yanayopimika umri, iliyokua ndani ya foliesheni.

Hatua ya 6: Sasa uliza kuhusu tektoniki
Kuna maelezo mawili makuu. La kwanza: mawe ya kijani, mazito kuliko graniti, yalizama huku kuba za graniti zikipanda, kama wengi wanavyoielezea Pilbara ya mashariki, nchini Australia. Hapo utarajie mistari ya hatua ya 2 iwe na mteremko mkali na ikutane kwenye mawe ya kijani yaliyozama baina ya kuba. La pili: miamba ilisukumwa kwa mlalo. Hapo tafuta tabaka kongwe lililopanda juu ya changa, na mruko wa ghafla wa mgandamizo pande mbili za mpaka mmoja. Ukanda mmoja unaweza kuwa umepitia yote mawili kwa nyakati tofauti, kwa hiyo pima umri wa kila foliesheni peke yake. Umri usipotofautiana kuzidi kosa la kipimo, weka maelezo yote mawili kwenye ripoti, na sampuli zinazofuata zitoke hapo mpakani.