Kiwavi mwenye pembe kwenye ufuta: jinsi ya kumtafuta na kumlea

Ufuta wa Nachingwea ukishatoa maua, simu huanza: "Njoo, kuna kijoka shambani!" Si joka. Ni kiwavi wa nondo mwenye alama ya fuvu, kitaalamu Acherontia atropos. Naomba tumjue kabla ya kumponda.

Kwanza, tafuta kinyesi chake. Pita asubuhi ukiangalia chini: punje nyeusi, kavu, zenye mifereji, kubwa kuliko pilipili manga. Inua macho hapo hapo, utaona bua lililonyonyolewa majani, na kando yake amejishikilia mwenyewe. Mnene kama kidole gumba, urefu hadi sentimita 12, kijani, njano au kahawia, michirizi ya mshazari ubavuni. Pembe ya mkiani ina vipelevipele na imejikunja kama herufi S. Ukimgusa anagonganisha taya: tik, tik. Pembe haichomi wala haina sumu. Ukimkosa kwenye ufuta, kagua bilinganya, nyanya na mnavu.

Pili, kata tawi zima, usimbandue; anang'ang'ania hadi achanike. Mlishe mmea uleule uliomkuta nao, majani mabichi kila siku. Niliwahi kupoteza watatu kwa majani yaliyopuliziwa dawa jana yake, na bado inaniuma.

Tatu, rangi ikififia akaanza kuzurura bila kula, mwekee ndoo ya udongo tifutifu wenye unyevu, kina sentimita 20. Atajizika awe pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo. Usimfukue. Simika vijiti, funika kwa chandarua: nondo akitoka lazima apande juu aning'inie, la sivyo mabawa hayanyooki.

MASWALI

Kaka, nipulizie dawa? (Ruangwa)
Hapana, dada. Mama yao hutaga yai mojamoja, hivyo waokote kwa mkono. Wa kuogopa ni wale vijiwavi wadogo wanaofunga majani ya juu kwa nyuzi.

Mwalimu, nimemshika nondo akalia kama panya. Bibi anasema ni mkosi.
Mwambie bibi, kwa heshima, ni hewa tu anayoisukuma kupitia mrija wake mfupi wa mdomo, ili umwachie. Hilo fuvu ni rangi ya manyoya ya mgongoni.

Nimemkuta nondo huyo ndani ya mzinga! (Liwale)
Kafuata asali, mzee wangu. Ana harufu inayofanana na ya nyuki, ndiyo maana wanamvumilia. Punguza kimo cha mlango hadi chini ya sentimita 1. Nyuki watapita, yeye kifua chake kitakwama.