Jinsi ya kuelewa matabaka ya Wawolof bila kuchanganya muungwana, fundi na mtumwa

Wengi wakianza kusoma habari za Wawolof wa Senegal na Gambia wanachora ngazi moja, juu mfalme, chini yake wakulima, alafu mafundi, watumwa mwisho kabisa, na wakishachora hivo hawaelewi tena chochote kinachofuata. Kwa hiyo futa hiyo ngazi kwanza. Chukua karatasi uandike maswali mawili, kwa sababu mtu wa falme za zamani za Wawolof, yani Kajoor, Waalo, Bawol au Jolof, alikuwa na majibu ya yote mawili kwa wakati mmoja, na jibu la moja halikuambii la pili.

Swali la kwanza: huyu ni géér au ñeeño? Hapa tunaongelea damu na kazi. Ñeeño ni waliozaliwa kwenye familia za ufundi, yani tëgg ambao ni wahunzi na masonara, uude ambao ni mafundi wa ngozi, wafumaji, wachonga mbao ambao wengi ni wa kundi liitwalo Lawbe, pamoja na géwël wapiga ngoma na waimba sifa, wanaotunza nasaba za watu kichwani. Géér ni wale wasiozaliwa humo, kuanzia garmi wa ukoo wa kifalme mpaka baadoolo, mkulima wa mtama asiye na kitu. Ukitaka kuona mpaka wenyewe ulipo angalia ndoa. Mkulima fukara kabisa atakataa binti yake asiolewe na sonara mwenye mali, na hata yule aliyeacha kufua chuma, babu yake na baba yake pia hawakufua, bado anahesabiwa tëgg kwa sababu kazi inaachika lakini kuzaliwa hakuachiki.

Swali la pili: ni gor au jaam? Hapa Kiswahili kinatusaidia sana maana maneno tunayo, gor ni muungwana, jaam ni mtumwa, na jaam juddu, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, ndo yule yule mzalia wetu. Sasa kosa ninaloliona kila mara ni mtu kutafsiri géér kuwa "muungwana", akishafanya hivo tayari amemtupa mhunzi kwenye utumwa bila kujua. Mhunzi ni muungwana, hauzwi, ana ukoo wake na heshima yake. Anachonyimwa ni kuoa nje ya kundi lake na kukalia kiti cha ufalme.

Alafu kuna jambo la ukaribu na mfalme, hapa nenda polepole. Watumwa wa mfalme, jaami buur, walikuwa askari na maafisa wake na mkulima huru aliwaogopa kweli kweli maana ndo waliokuja kumpora mavuno. Mchukue Demba War Sall wa Kajoor. Kwa kuzaliwa alikuwa mtumwa wa ufalme, lakini ndiye mkuu wa wenzake wote na nguvu yake ilifika mpaka kwenye kuamua nani awe Damel, yani mfalme wa Kajoor, akaja kukosana na Damel Lat Joor akaenda upande wa Wafaransa, na Lat Joor alipouawa Dekhele mwaka 1886 Wafaransa wakamweka huyo huyo Demba War kuongoza machifu wa Kajoor. Kwenye ngazi ya kuchora huyu utamweka wapi?

Ukipata nafasi ya kuhudhuria ngente, sherehe ya kumpa mtoto jina siku ya nane, usikae unaangalia chakula tu, sikiliza sauti. Mwanamke wa géwël anasimama, sauti juu, haraka haraka, anataja mababu wa mwenye mtoto mmoja baada ya mwingine. Mama wa géér anayesifiwa ametulia, anaongea chini chini maneno machache, anampitishia noti za faranga karibu bila kumtazama. Mgeni ataona ombaomba na tajiri. Sio hivo. Kutoa ni wajibu wa géér, akibana mkono anajiaibisha mwenyewe, na géwël anadai haki yake, tena anajua siri za ukoo ule kuliko wenye ukoo.

Kuhusu majina ya ukoo, yatumie kwa tahadhari. Thiam wengi wanajulikana kwa ufuaji, Ndiaye ni jina la wafalme wa Jolof, ila usimhukumu mtu kwa jina, maana watumwa wengi walichukua jina la bwana zao na jina moja unalikuta kwenye makundi tofauti.

Usije ukadhani haya yameisha. Wafaransa walipiga marufuku kuwatia watu utumwani na kuwauza Afrika Magharibi yao mwaka 1905, Uislamu unafundisha usawa, lakini leo hii Dakar kuna vijana wamesoma pamoja wamependana na wazazi wamekataa kwa neno moja tu, ñeeño. Kwa hiyo ukiwa huko usimuulize mtu usoni yeye ni kundi gani, na neno jaam usilitamke kabisa kumhusu mtu aliye hai, ni tusi linaloumiza. Muulize babu zake walifanya kazi gani, alafu kaa kimya usikilize anachochagua kukuambia.