Ekinasia bustanini: kuanzia mbegu hadi kugawa mashina

Ekinasia ni ua linalokufa kwa kudekezwa. Ulimwagilie kila siku, ulijazie samadi, nalo litanenepa majani, litalala chini na mwisho mizizi itaoza. Asili yake ni mbuga za nyasi na misitu ya wazi ya Amerika ya Kaskazini, na hata likiwa bustanini kwako linataka maisha yaleyale: jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji.

Hatua ya 1: Chagua aina

Anayeanza aanze na Echinacea purpurea. Hufikia urefu wa sm 60 hadi 120, na mizizi yake imetawanyika kama nyuzi, kwa hiyo inakubali kuhamishwa. Jamaa zake kama Echinacea pallida wana mzizi mkuu unaozama chini sana. Hao ukishawapanda, usiwang'oeng'oe. Zipo pia chotara za petali zilizorundikana. Zinavutia macho, lakini nyuki hupata tabu kuifikia nekta, na mbegu zake, zikipatikana, hazitoi ua kama la mama. Mimi napendelea zile za kawaida.

Hatua ya 2: Zipitishe mbegu kwenye baridi

Hapa ndipo wengi hukwama, kisha wakamlaumu aliyewauzia mbegu. Kwao mbegu hizi hukaa ardhini majira yote ya baridi kabla ya kuota, nawe inabidi uzipe hali hiyo. Changanya mbegu na mchanga uliolowa kidogo. Ukiukamata na kuuminya mkononi, usitoe hata tone. Tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka kwenye friji penye nyuzi joto 4 hivi kwa wiki 4 hadi 8. Isiwe friza. Mbegu kavu iliyokaa tu kwenye friji haifaidiki na kazi hii, kwani baridi na unyevu lazima viende pamoja. Kuna zinazoota bila kupitia huko, ila huota kwa kuchelewa na kwa kupishana, huyu leo, mwenzake wiki mbili baadaye. Penye majira ya baridi kali, unaweza kuzimwaga bustanini mwishoni mwa vuli na kuziacha.

Hatua ya 3: Sia

Jaza trei udongo mwepesi, weka mbegu, funika kwa udongo usiozidi mm 3, maana mwanga huzisaidia kuota. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, miche huchomoza kati ya siku 10 na 20. Nyunyiza maji, usiyamwage. Ikishatoa majani 4 ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya kuotea, ihamishie kwenye vyungu vidogo mpaka ikomae.

Hatua ya 4: Panda

Tafuta mahali penye jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Kabla ya kupanda, pima udongo: chimba shimo la sm 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama saa kadhaa baadaye bado kuna kidimbwi, panda juu ya tuta. Acha nafasi ya sm 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Kitako cha mche, pale majani yanapoanzia, kilingane na uso wa ardhi; kikifukiwa, huoza. Matandazo ni mazuri, mradi yasiguse shina.

Hatua ya 5: Maji na mbolea

Mwaka wa kwanza, mvua isiponyesha, mwagilia kama mara moja kwa wiki, maji yazame chini, asubuhi, na yaende kwenye mizizi badala ya majani. Kuanzia mwaka wa pili, subiri ukame wa kweli. Mbolea? Mboji kidogo mara moja kwa mwaka inatosha. Ulizosia mwenyewe huenda zisichanue hadi mwaka wa pili, kwa hiyo usizichochee kwa mbolea ya chumvichumvi.

Hatua ya 6: Kata maua na vuna mbegu

Ua likinyauka, kata bua juu kidogo ya jani au chipukizi linalofuata, mmea utoe mengine. Msimu ukielekea kuisha, acha vichwa vikaukie hapohapo. Ndege hula mbegu zake.

Za kwako zivune kichwa kikishakuwa cha kahawia iliyokolea. Vaa glovu, kwani vimiba vyake vinachoma. Ukikisugua, utaona vitu viwili: vijiti vikali vyenye ncha, ambavyo ni makapi, na vipande vifupi vyenye kona nne, rangi ya maziwa na utepe wa kahawia juu. Hivyo ndivyo mbegu. Ziminye kwa kucha. Zinazobonyea ni tupu. Mmea mmoja ukiwa peke yake hutoa mbegu tupu nyingi kwa sababu kwa kawaida haujichavushi vyema, hivyo panda mitatu au zaidi.

Hatua ya 7: Gawa mashina

Kila baada ya miaka 3 au 4, na ikiwa tu kichaka kimesongamana. Ng'oa chote, kata kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na machipukizi na mizizi yake.

Hatua ya 8: Magonjwa

Ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani, hauui mmea. Kata majani yaliyoathirika na upanue nafasi. La kuogopa ni ua linalobaki kijani, lenye vijani vinavyochomoza katikati ya kichwa, huku mmea mzima ukidumaa na kugeuka njano. Huo ni ugonjwa wa fitoplasma, aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mmea, unaoenezwa na wadudu wadogo warukaji wanaofyonza utomvu, na hauna dawa. Lakini kagua kwanza: kama vichwa tu ndivyo vyenye vishungi na majani ni mazima, huenda ni utitiri, na kukata vichwa hivyo kunatosha. Ikiwa mmea wote umeharibika, ng'oa na mizizi yake siku hiyohiyo, kisha chunguza karoti na saladi zilizo karibu, maana nazo hushikwa na ugonjwa huo.