Kuunda HMS Petard ya sentimita 15 kwenye meza ya fundi saa

Meza yangu iko River Road, Nairobi, ghorofa ya pili, pembeni mwa dirisha. Mchana hufungua saa za watu. Jioni wateja wakiisha, nafunika vifaa vya kazi kwa kitambaa na kutoa sanduku la plastiki. Nimeunda manowari ndogo za plastiki kadhaa, lakini iliyonikaa moyoni ni destroya (manowari nyepesi yenye kasi) ya Waingereza, HMS Petard, na ndiyo nitakayokuelekeza hapa.

Nina sababu ya kuipenda. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya abiria Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido (kombora linalopita majini) na nyambizi ya Wajapani, I-27, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kaka yake babu alikuwa mmoja wao. Hana kaburi, jina lake liko kwenye mnara wa ukumbusho katika makaburi ya vita, Ngong Road. Petard na mwenzake Paladin ndizo destroya zilizokuwa zikiulinda msafara wa meli hiyo.

Nilitumia sanduku la vipande vya kuunganisha la kampuni ya Tamiya, la destroya ya daraja la O (daraja ni kundi la meli za muundo mmoja), kipimo cha 1/700, yaani ndogo mara 700 kuliko meli halisi. Madaraja ya O na P ni ndugu wa baba na mama mmoja, na Petard ni ya P. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 105, kwa hiyo mezani inatoka sentimita 15. Angalia mizinga tu: Petard ilibeba ya inchi 4, hivyo weka picha zake mbele yako kabla hujabandika mtutu wowote.

Vifaa si vya kutisha. Kibano chembamba, lenzi, kikata kucha chenye makali mapya, na wembe wa upasuaji namba 11, ambao unaupata kwenye maduka ya dawa. Msasa wa maji nunua Kirinyaga Road kwa wauza vifaa vya magari: 400, 800 na 1200. Hapo hapo chukua mkebe wa praima ya kijivu ya kupuliza. Gundi iwe ya plastiki, ile nyepesi kama maji, kwa sababu inayeyusha nyuso mbili kidogo na kuzifanya kitu kimoja. Supa glu iweke kando kwa ajili ya waya.

Kwanza osha fremu zote, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uziache zikauke usiku kucha. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Unapokata kipande, usikate karibu nacho. Acha milimita moja, kisha uipunguze kwa wembe, umalizie kwa msasa. Mtutu wa mzinga wa kipimo hiki ukiukata kwa pupa unaruka, na kuutafuta sakafuni ni kazi ya saa nzima. Mimi hukatia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukifungua saa, kabla hujarudisha gurudumu mahali pake unajiuliza: nikishalifunga hili, mkono wangu utafika tena kule chini? Meli ni vivyo hivyo. Karatasi ya maelekezo inakupa mpangilio wa kubandika, haikupi mpangilio wa kupaka rangi. Kabla ya kila tone la gundi, jiulize brashi itapita wapi baadaye. Dohani ikishasimama, sitaha iliyo nyuma yake huifikii. Kwa hiyo bandika ganda la meli na sitaha peke yake. Chumba cha usukani, dohani, milingoti, mizinga na mirija ya topido vyote vipake rangi vikiwa vimesimama kwenye vijiti vya meno, kisha uvikusanye.

Ganda la meli hii limekatwa kwenye mstari wa maji, halina tumbo la chini. Liweke juu ya kioo kilichotandikwa msasa wa 400, ulisukume taratibu huku na huku hadi sehemu ya chini iwe tambarare kabisa. Likipinda kidogo, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inainuka, na jicho litaiona kasoro hiyo kila siku.

Praima ya magari ina nguvu. Ukiipuliza nzito, inakula plastiki. Simama mbali, pitisha mara moja kama ukungu, ngoja dakika kumi, pitisha tena. Ijaribu kwanza kwenye fremu tupu. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na mawingu na baridi, mimi siipulizi asubuhi. Nangoja saa nane, hewa ikauke. Januari shida ni vumbi, basi funika kazi kwa bakuli mara tu unapomaliza.

Juu ya praima paka kijivu chepesi cha akriliki kwenye ganda, na kijivu kilichokolea kwenye sitaha. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu rangi nene hufunika mistari midogo iliyochongwa. Kisha chukua rangi nyeusi ya mafuta, iyeyushe kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi, uguse pembeni mwa milango na chini ya mitutu. Itakimbilia kwenye mifereji yenyewe. Tafadhali usitumie thina ya rangi za magari. Nilifanya hivyo mara moja kwa haraka, na dohani ikalegea mbele ya macho yangu kama mshumaa.

Kamba za mlingotini hutoka kwenye fremu unayotaka kuitupa. Shika kipande cha sentimita kumi juu ya mshumaa, bila kugusa moto, ukizungusha. Kikianza kung'aa na kulegea, kiondoe kwenye joto, hesabu moja, uvute pande mbili kwa mwendo mmoja. Unapata uzi mwembamba kama unywele. Mara za kwanza utakatika, endelea. Ubandike kwa chembe ya gundi kwenye ncha ya sindano, kuanzia katikati ya meli kwenda nje, ili mkono usirudi ulikotoka.

Namba ya ubavuni ni G56. Kisha puliza vanishi isiyong'aa, na meli ipumzike.

Cha mwisho ni tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, zilipo reli za mabomu ya kulipulia nyambizi. Siku ile I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa. Petard iliendelea kudondosha mabomu, wengine wakiwa bado majini. Baadaye nyambizi ilipoibuka, Petard ikaimaliza kwa topido. Mabomu hayo kwa kipimo hiki ni madogo kuliko punje ya wimbi. Yatengeneze kwa fremu iliyovutwa kidogo tu, ukate milimita moja moja, uyapake rangi iliyokolea, uyapange kwa kibano. Kwenye meli yangu nilijaza reli ya kushoto. Ya kulia niliiacha tupu.