Somo: Kupika nanochembe za dhahabu na kuzipima

Wakuu, leo tunapika nanochembe, yaani chembe za dhahabu ndogo mno za kupimwa kwa nanomita, zile zinazotoa maji mekundu, kwa njia ya mwanakemia Turkevich ya 1951. Ni rahisi ila vyombo vikiwa vichafu imekula kwako.

1. Vyombo vya kioo na sumaku ya kukorogea unaosha kwa akwa rejia, yaani asidi hidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1. Glavu, miwani, ndani ya kabati la kufyonza gesi, na usithubutu kuifunga kwenye chupa maana inatoa gesi italipuka. Suuza sana kwa maji yaliyokenekwa.

2. Chemsha mililita 20 za asidi ya kloroauriki (chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa kwenye maji), milimola 1 kwa lita, huku inakorogwa. Ile chumvi ya dhahabu usichote kwa kijiko cha chuma, itaharibikia humohumo.

3. Ikishachemka kwelikweli mwaga mililita 2 za trisodiamu sitreti ya asilimia 1, zote kwa mkupuo. Hapo usibanduke, njano inapotea inabaki kama maji tu, inaingia kijivu, inakuwa zambarau ya giza halafu taratibu inafunguka nyekundu. Sitreti ndo inaipa dhahabu elektroni, na ndo inazivisha chembe chaji hasi zisigandane.

4. Kupima sasa, maana rangi peke yake sio ushahidi. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unavyofyonzwa, ikupe kilele karibu na nanomita 520. Kwa kipimo cha eksirei (zile zinazotolewa na shaba) kausha matone kwenye kioo, vilele vije kwenye pembe za karibu digrii 38, 44, 65 na 78, huo ndo mpangilio wa fuwele za dhahabu, na kadiri kilele kinavyonenepa ndo fuwele zilivyo ndogo. Hadubini ya elektroni umalizie nayo, ila pima chembe nyingi jamani, sio kuchagua zile duara nzuri tu za kwenye ripoti.

MASWALI

– Mwalimu, yangu ilikuwa nyekundu vizuri nikaongeza chumvi kidogo ikawa bluu, inarudi?
– Hairudi mkuu. Chumvi imefunika zile chaji, chembe zimeshikana. Mwaga kwenye chupa ya taka za kemikali, sio sinki.

– Nikitaka chembe kubwa?
– Punguza sitreti. Mtafiti Frens alionyesha hilo 1973. Ila zikiwa kubwa sana hazitoki saizi moja.

– Mbona kipimo cha kutawanya mwanga kinanipa saizi kubwa kuliko hadubini?
– Kile kinapima chembe pamoja na koti lake la sitreti na maji inayotembea nayo, hadubini inaona dhahabu tupu. Halafu vumbi kidogo tu linavuta jibu juu, chuja kwanza ndo upime tena.