Jinsi ya Kusoma Mwelekeo wa Kisiasa wa Mji Mdogo wa Mashambani

Anayetaka kujua mji mdogo wa mashambani umeelemea upande gani kisiasa huanza kwa kuuliza nani alishinda pale, na wepesi wa jibu la swali hilo ndio unaompotosha. Jina la mshindi halionyeshi ni wangapi waliobaki nyumbani, wala kama waliompa ushindi ni wafuasi wa chama chake au ni majirani zake tu.

Tafuta matokeo ya chaguzi zisizopungua tatu, na uyachukue kwa kila kituo cha kupigia kura, kwa kuwa matokeo ya jimbo zima humeza mji mdogo usionekane kabisa. Kwa kila kituo andika idadi ya waliojiandikisha, waliopiga kura, kura zilizokataliwa na kura za kila mgombea. Kabla ya kulinganisha, hakikisha kwamba mipaka haikubadilishwa na kwamba hakuna kituo kilichogawanywa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Kazi yenyewe iko kwenye kugawanya. Tuseme mji una watu 2,000 waliojiandikisha, na katika uchaguzi wa kwanza wanajitokeza 1,200, ambao 720 kati yao wanakipigia chama fulani: hiyo ni asilimia 60. Katika uchaguzi unaofuata, daftari likiwa na idadi ileile, wanajitokeza 900 na chama hicho kinapata kura 630, yaani asilimia 70. Atakayetazama asilimia peke yake atatangaza kwamba chama kimezidi kuota mizizi, ilhali kimepoteza kura 90, na sehemu yake ya wote waliojiandikisha imeshuka kutoka asilimia 36 hadi 31.5. Wapinzani wake ndio waliokata tamaa zaidi. Hata hivyo, daftari lenyewe lisiaminiwe bila kukaguliwa, kwa sababu mji ambao vijana wake huhamia mijini unaweza kubaki na majina ya watu wasiokaa tena pale, na hapo mahudhurio yataonekana hafifu kuliko yalivyo. Idadi ya watu wazima katika sensa ya karibuni husaidia kuligundua hilo.

Udogo wa idadi nao una hila zake. Dixville Notch, kijiji kidogo katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, hupiga kura za urais saa sita usiku na kutangaza matokeo papo hapo. Mwaka 2020 kura zote 5 zilimwendea Joe Biden. Mwaka 2024 kura zilikuwa 6, nazo zikagawanyika 3 kwa 3. Kuita mabadiliko hayo mageuzi ya kisiasa ni mzaha. Mahali penye wapiga kura wachache, familia moja ikihama inaweza kugeuza asilimia nzima, kwa hiyo andika idadi halisi kando ya kila asilimia.

Baada ya hapo linganisha kura za nafasi mbalimbali zilizopigwa siku ileile. Mji ukikipa chama kimoja urais na kingine udiwani, ulichokiona ni uzito wa mtu na ujamaa zaidi kuliko itikadi. Mwaka 1949 V. O. Key, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alieleza jambo hilo katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako wagombea walikuwa wakivuna kura nyingi mno katika maeneo ya kwao na kudhoofika kadiri walivyotoka nje ya maeneo hayo.

Ukifika kwenye sababu, nenda polepole. Mtafiti Mfaransa André Siegfried, mwaka 1913, alihusisha kura za magharibi mwa Ufaransa na aina ya miamba, lakini mwamba haupigi kura: alichokitazama hasa ni umiliki wa ardhi, mtawanyiko wa makazi na nguvu ya kanisa. Naye mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha mwaka 1950 kwamba majimbo ya Marekani yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, ingawa mhamiaji mmoja mmoja alielekea zaidi kutojua kusoma kuliko mzaliwa wa Marekani. Wahamiaji walikuwa wamekaa palipokuwa na elimu. Basi, kituo chenye wakulima wengi kikikipendelea chama fulani, hujathibitisha bado kwamba ni wakulima waliokichagua. Hilo litakudai uzungumze na watu, tena faraghani, kwa kuwa katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, jibu la hadharani huwa la kumridhisha anayesikiliza.

Unapoandaa jedwali la mwisho, angalia vituo ambavyo kura zote zilimwendea mgombea mmoja. Kukichapisha kituo cha namna hiyo peke yake ni kutaja kura ya kila aliyefika pale. Kiunganishe na kituo jirani kwanza.